Mboji Ndani ya Nyumba ya Ghorofa: Harufu Hutoka Wapi?

Sehemu kubwa ya taka zinazotoka katika nyumba za Nairobi ni mabaki ya jikoni: maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sukuma wiki, majani ya chai. Yakifungwa kwenye mfuko kusubiri gari la taka, huanza kuoza pale ngazini. Mengi huishia Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Yakifukiwa huko bila hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto duniani na hushika moto. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza.

Mpangaji asiye na shamba anaweza kugeuza mabaki hayo kuwa mboji papo hapo nyumbani. Kinachowavunja wengi moyo ni harufu, pamoja na malalamiko ya majirani. Lakini uvundo ni dalili kwamba maji yamezidi na hewa imepungua. Hapo viumbe vidogo vinavyoozesha kwa kutumia hewa hushindwa, na vile visivyoihitaji huchukua nafasi yao.

Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko inatosha. Hutobolewa matundu madogo kwenye kitako na ubavuni karibu na mdomo, kisha huwekwa juu ya vipande viwili vya tofali ndani ya beseni. Chini hutandikwa karatasi zilizochanwa, unene wa vidole vinne. Kila kopo moja la maganda yaliyokatwa vidogo hufunikwa kwa makopo mawili ya vitu vikavu: magazeti, trei za mayai, majani makavu, au vumbi la mbao isiyopakwa rangi wala dawa. Kopo hilo la pili ndilo watu hulibania, na hapo ndipo inzi huingia.

Ndoo hukorogwa kila baada ya siku tatu au nne. Mchanganyiko ukifinywa mkononi uwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Ukitoa matone, huongezwa vikavu; ukiwa mkavu, hunyunyiziwa maji.

Nyama, mifupa, samaki, maziwa na mafuta havitiwi kamwe, maana huita panya. Kinyesi cha paka au mbwa pia hakifai. Maji yanayodondokea kwenye beseni yamwagwe chooni, yasinyunyiziwe mboga.

Ndoo ikijaa, huanzishwa ya pili. Ile ya kwanza huachwa miezi miwili hadi mitatu, ikikorogwa mara moja kwa wiki. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamung'unyika, na hunukia kama udongo baada ya mvua. Maganda ya mayai huenda bado yakaonekana, hayana neno. Kipimo kimoja cha mboji huchanganywa na vitatu vya udongo, kwa sukuma wiki ya gunia au dhania ya kwenye kopo dirishani.