Sahani ya Nkambo

Katika nyumba moja ya Lubumbashi mlikuwa na sahani moja ndogo, ya namna ile watu huita sede. Ndani yake mlikuwa na sauti ya nkambo. Alipokuwa angali hai, nkambo alisimulia hadithi nne, nazo zikashikwa katika kaseti. Baada ya kufa kwake fundi mmoja alizihamisha katika sahani. Alifanya vizuri, kwa maana mwaka uliofuata kaseti ilikatika. Lakini nyumbani hawakuwa na chombo cha kusomea sahani ile. Walikuwa na amplifikateri ya zamani na masanduku mawili ya sauti, ndiyo mabafle, basi.

Siku moja baba akarudi toka sokoni, na chombo chenyewe kwapani. Hakikuwa kipya, kilitumiwa kwanza na watu wengine huko Marekani. Watoto wote wakakizunguka.

Mwana wa kwanza alikuwa na haraka. Akashika fishi ya umeme, akaenda kwenye prizi ya ukuta. Mdogo wake, msichana wa darasa la tano, alikuwa amepiga magoti nyuma ya chombo, akisoma kibati kidogo.

— Yaya, ngoja kwanza! Hapa pameandikwa 120 V.

— Hiyo ni namba tu.

— Baba, umeme wetu ni ngapi?

Baba akanyamaza kidogo. Umeme wa nyumba za Kongo ni volti 220.

— Mwanangu, weka fishi chini, akasema.

Kisha akatuma mtoto kumwita baba fundi, jirani yao.

Fundi alipofika, akasoma kibati yeye mwenyewe.

— Asante, mama, akamwambia msichana. Kama fishi ile ingaliingia, tungaliona moshi mbele ya kusikia sauti.

Kila chombo cha umeme kimetengenezwa kwa nguvu yake. Vingine vina kifungo nyuma cha kuchagua volti 120 au 220. Hiki hakikuwa nacho. Basi fundi akaenda kwake, akaleta transfoma, kisanduku kizito cha kushusha umeme wa volti 220 mpaka karibu 120. Transfoma ndogo ilitosha, kwa sababu chombo cha sahani hakili umeme mwingi: wati 15 hivi, ni chini ya taa ya zamani ya wati 40.

Walakini hata sasa fundi hakuingiza fishi yoyote katika prizi. Kwanza alihakikisha kwamba amplifikateri imezimwa. Mtu akiunganisha waya za sauti wakati umeme umekwisha kuingia, mabafle hupiga kishindo kikubwa, na karatasi iliyo ndani yao yaweza kupasuka.

Nyuma ya chombo mlikuwa na matundu mawili ya duara, moja jekundu na moja jeupe. Jekundu ni la bafle ya kuume, jeupe ni la bafle ya kushoto. Fundi akatwaa waya yenye fishi mbili kila upande, nyekundu na nyeupe, akaziingiza rangi kwa rangi. Hapo hapana akili nyingi. Shida iko upande wa pili wa waya, kwenye amplifikateri, kwa sababu huko matundu ni mengi na yote yanafanana.

— Baba fundi, hapa pana nafasi, akasema yaya, akionyesha matundu yaliyoandikwa PHONO.

— Hapana, mwanangu. Hapo ni pa gramofoni.

Yafaa kufahamu sababu, kwa kuwa watu wengi hukosea papo hapo. Sindano ya gramofoni hutoa umeme mdogo kabisa, kama sehemu 5 za volti moja iliyokatwa sehemu 1000. Kwa hiyo tundu la PHONO limetengenezwa kwa kuukuza sana, na tena kwa kuongeza sauti nene. Chombo cha sahani ndogo hutoa karibu volti 2, maana yake mara 400 kuliko sindano. Kukiingiza katika PHONO ni kama kumpigia kelele mtu aliyetega sikio asikie mnong'ono. Sauti ingetoka imevunjika, haisikiki neno. Fundi akatafuta matundu yaliyoandikwa CD. Hayakuwapo, kwa maana amplifikateri ile ilikuwa ya kale kuliko sahani ndogo zenyewe, zilizoanza kuuzwa Japani katika mwezi wa Oktoba 1982. Akatumia matundu ya AUX, nayo yanafaa vilevile.

Sasa ndipo umeme ulipoingia. Fundi akawasha chombo, kisha amplifikateri, akageuza kifungo chake mpaka neno AUX. Kifungo cha sauti akakirudisha mpaka chini kabisa.

Usoni mwa chombo kuna vifungo vichache. Kimoja hufungua droo na kuifunga. Chenye alama ya pembe tatu huanzisha sahani. Chenye vijiti viwili huisimamisha kidogo, na ukikibonyeza tena sauti huendelea palepale. Chenye mraba huikomesha. Vile vya mishale miwili huruka mbele au nyuma, kutoka hadithi hii mpaka hadithi ile. Yaya alitaka kuisukuma droo kwa mkono. Fundi akamzuia: meno ya gurudumu linaloivuta ni madogo, nayo huvunjika.

Msichana akaweka sahani, uso wenye maandiko juu. Droo ikaingia. Sahani ikasikika kuzunguka: vrrr! Kisha ikasimama. Katika kioo kidogo cha namba hamkuonekana hadithi hata moja.

Mama aliyekuwa mlangoni akaketi chini. Hakuna aliyesema neno. Sahani ile ilikuwa moja tu.

Fundi akafungua droo, akaitoa sahani, akiishika kwa ukingo wake tu. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Uso wa chini ulijaa alama za vidole vyenye mafuta. Watoto walikuwa wameishikashika miezi mingi, wakijitazama humo kama katika kioo.

Sahani hii haina sindano ya kuikwaruza. Chini yake mna kijicho cha kioo, na kupitia kijicho hicho mwanga wa laser hupanda na kugonga sahani, kisha hurudi. Mwanga huo karibu hauonekani, lakini waweza kudhuru macho. Ndiyo maana kifuniko cha chombo kisifunguliwe kikiwa na umeme. Huanzia katikati ya sahani kwenda ukingoni, kinyume cha gramofoni. Karibu na katikati sahani huzunguka kama mara 500 kwa dakika, na karibu na ukingo mara 200 tu, ili mwanga upite njiani kwa mwendo ule ule. Njia yenyewe ni nyembamba mno: kama ingenyoshwa, ingepita kilometa 5. Sauti imeandikwa humo kwa hesabu, namba 44,100 kwa kila nukta ya saa, kwa kila sikio. Mafuta ya vidole yakifunika njia, mwanga haurudi vema, na chombo hakioni kitu.

Fundi akaomba kitambaa laini, safi, cha pamba. Akakilowesha kidogo kwa maji, akapangusa toka katikati mpaka ukingoni, mstari kwa mstari, kama miali ya jua. Yaya akauliza kwa nini hapangusi kwa kuzungusha.

— Mchanga mmoja ukiwa katika kitambaa utakwaruza, akajibu fundi. Mkwaruzo unaokata njia hula mahali padogo tu, na chombo chajua kujaza pengo dogo. Lakini mkwaruzo unaofuata njia hula maneno mengi pamoja, na hapo chombo hakiwezi tena.

Akaikausha. Msichana akairudisha katika droo. Vrrr! Safari hii kioo kikaonyesha namba 4. Akabonyeza pembe tatu, na fundi akainua sauti polepole.

Kwanza walisikia kuku, maana nkambo alisimulia nje uani. Kisha wakasikia akikohoa, akiuliza kama kile kitu kimekwisha kuanza. Mama akacheka na kulia pamoja.

Walisikiliza hadithi zote nne. Baadaye fundi akamwonyesha msichana namna ya kuitia sahani katika kikasha chake. Isikae dirishani: sahani iliyoandikwa na fundi wa mjini ina rangi ndani yake, na jua huifuta. Wala isiandikwe juu kwa kalamu yenye ncha kali, kwa kuwa upande wa maandiko ndio ulio karibu zaidi na sauti, hata kama watu wengi hudhani ni upande wa chini.

— Jumamosi nitaleta sahani mbili tupu, akamwambia baba. Nkambo asikae mahali pamoja tu.

MAULIZO
1. Msichana alisoma nini nyuma ya chombo?
2. Kwa nini fundi alikataa matundu ya PHONO?
3. Kwa nini sahani haikusomeka mara ya kwanza?
4. Nyumbani kwenu, tafuteni kibati nyuma ya radio au chombo kingine. Kimeandikwa volti ngapi?