Usiongeze Mada, Badili Mfano: Vidokezo 7 vya Kuingiza Mazingira Katika Kozi Yoyote

Mhadhiri, tunajua ulivyobanwa. Muhtasari wa kozi umejaa, darasa limefurika hadi madirishani, mitihani inasubiri kusahihishwa, halafu anatokea mtu anakwambia uingize na mazingira! Vuta pumzi. Huhitaji kozi mpya wala kibali cha seneti. Mifano unaitoa kila kipindi, kwa hiyo badili michache tu. Na usidhani hii ni kazi ya idara ya jiografia peke yake. Haya, twende.

1. Bomba linalovuja ni maabara

Unafundisha hisabati, takwimu au fizikia? Basi tafuta bomba linalodondosha maji. Chuo gani hakina? Wape wanafunzi kikombe na saa. Siku ina sekunde 86,400. Likidondoka tone moja kila sekunde, na matone manne yakatimiza mililita moja, zinapotea lita 21.6 kwa siku, yaani ndoo kubwa nzima na ziada. Sasa wapige hesabu ya mwezi, ya mabomba yote ya hosteli, na ya bili ya maji. Makundi yatakuja na majibu tofauti, na hapo umepata bure somo la wastani na makosa ya vipimo. Matokeo yapelekwe kwa wanaosimamia majengo ya chuo. Fundi akija kweli, hakuna atakayeuliza tena hisabati inasaidia nini.

2. Wanasheria, fungueni jalada la Tabata

Kesi nzuri ziko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya jalala lililowasumbua kwa moshi na harufu. Wakashinda. Baadaye taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda pia. Haki ya kuishi, iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba, ikawa sehemu ya uamuzi.

Waulize wanafunzi swali moja tu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, sasa hawa walishindaje miaka yote hiyo kabla yake? Utaona darasa linavyoamka! Kisha gawa makundi, moja liwe wakazi, jingine liwe jiji. Wa upande wa jiji wana kazi ngumu kweli, maana lazima waseme taka za mji mzima ziende wapi. Hapo waalike wanafunzi wa uhandisi na mipango miji, kwa kuwa jibu la swali hilo liko kwao. Ukiwa na dakika za ziada, linganisha na Kenya, ambako Katiba ya 2010 inataja waziwazi katika Ibara ya 42 haki ya kuishi katika mazingira safi.

3. Uhasibu uanzie kwa mama lishe

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo zuri, lakini hesabu zake zinasemaje? Watume wanafunzi kwa mama lishe wa karibu na geti. Kwanza wanunue chakula, ndipo waulize maswali! Anatumia mkaa wa kiasi gani kwa siku? Ananunua kwa kopo au kwa gunia? Gesi ingemgharimu kiasi gani, kuanzia mtungi na jiko hadi kujaza tena? Kununua kidogo kidogo kwa kawaida hutoka ghali, lakini mwenye fedha ya leo tu hana njia nyingine. Mtaji wa kuanzia, mtiririko wa fedha na mkopo mdogo vyote vimekaa pale jikoni. Mwanafunzi akishapiga hesabu hizo, hawezi tena kusema watu wanatumia mkaa kwa ukaidi.

4. Historia: waulizeni wazee

Shinyanga ilipoteza misitu mingi, sehemu kutokana na kampeni za kuangamiza mbung'o na upanuzi wa mashamba ya pamba. Kuanzia 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliinua tena ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho msimu wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Miti ikarudi. Hadithi kama hizi ziko kwa wazee, kwa hiyo kazi ya likizo ni hii: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja wa kwao kuhusu msitu, mto au kisima cha zamani, kisha aandike ukurasa mmoja. Kusahihisha kwake ni raha tupu.

5. Kiswahili na uandishi wa habari: tafsirini mvua

Chukua utabiri wa masika au vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kundi moja liuandike upya kwa ajili ya mkulima wa mahindi, jingine kwa mvuvi, jingine kwa dereva wa bodaboda. Maneno mia moja, basi.

6. Azima mwenzako kwa dakika ishirini

Mwani wa Zanzibar unawatosha wahadhiri watatu kwa kipindi kimoja. Wakulima wengi ni wanawake. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa. Kuhamia maji ya kina kirefu kunataka mtumbwi na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Mwanabiolojia aeleze joto, mchumi aeleze bei, wa sosholojia aeleze kwa nini binti hakufundishwa kuogelea. Wewe umepata kipindi kizima kwa kuandaa theluthi moja tu.

7. Mfano utoke kwenye mtihani

Unalijua swali la wanafunzi: "Mwalimu, hii inatoka?" Jibu: inatoka. Badili swali moja tu la mtihani, liulize mbinu ile ile unayoipima siku zote, ila takwimu ziwe za bomba, mkaa au mwani. Chenye alama ndicho kinachosomwa.

Sasa fungua muhtasari wa wiki ijayo, chagua mfano mmoja uliochakaa, uweke mpya leo hii kabla hujazima kompyuta. Na ukifanikiwa, mpe mwenzako wa ofisi ya jirani mfano huo.