Mwenzako Akitaka Kusimama kwa Ajili ya Haki



Mume anarudi jioni kutoka barazani akiwa na hasira. Kiwanja cha shule ya msingi kimezungushiwa ua na tajiri mmoja, naye ameamua kusimama mbele ya watu aseme wazi. Mke anamwambia, "Baba watoto, wengine wote wamenyamaza. Kwa nini uwe wewe?" Labda kwenu ni mke ndiye aliyeona fedha za kikundi cha maji zikiliwa, na mume ndiye anayesema, "Mama, achana na mambo ya watu."

Ni yupi kati yao anayempenda mwenzake? Wote wawili. Woga wa yule anayebaki nyumbani si dhambi. Hata hivyo, imani yetu haikomi mlangoni. Katika Injili ya Matayo, Kristo anapoeleza hukumu ya mwisho, anauliza habari za wenye njaa, wageni na wafungwa. Basi wenzi wafanye nini haki inapodai gharama?

Tuwatazame wakulima wawili wa kijiji cha St. Radegund nchini Austria, Franz na Franziska Jägerstätter. Walioana mwaka 1936, wakapata mabinti watatu. Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria, na wananchi wakaitwa wapige kura ya kuliidhinisha jambo hilo. Kijijini kwao Franz peke yake alikataa. Vita vilipokuja, aliona ni dhambi kupigania utawala uliotesa Kanisa na kuvamia mataifa mengine. Jamaa, mapadre, hata askofu, walimkumbusha wajibu wake kwa mke na watoto. Franziska naye mwanzoni alijaribu kumgeuza nia. Alipoona kwamba dhamiri ya mumewe imekwisha kuamua mbele ya Mungu, aliacha kumsukuma, akasimama naye.

Februari 1943 Franz aliitwa jeshini, na mwezi Machi akakataa kupigana. Alijitolea kuhudumia majeruhi, lakini hakusikilizwa. Julai alihukumiwa kifo. Franziska alisafiri hadi Berlin, wakaonana mara ya mwisho. Tarehe 9 Agosti 1943 Franz alikatwa kichwa.

Msalaba ukabaki kwa mke. Alilima shamba, akalea watoto, akavumilia majirani waliomlaumu kwa kifo cha mumewe. Malipo ya wajane wa vita alinyimwa hadi mwaka 1950. Mwaka 2007 Kanisa lilimtangaza Franz kuwa Mwenye Heri huko Linz, na Franziska, mwenye miaka 94, alikuwapo. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 100.

Wengi wetu hatutadaiwa uhai. Lakini tujifunze haya kwao:

Kwanza, msifichane. Mwenzako asisikie sokoni kwamba umeshtaki au umeshtakiwa. Atakayeubeba mzigo pamoja nawe ana haki ya kuujua mapema.

Pili, pimeni nia. Je, ni haki ya wanyonge au ni kisasi na kutafuta sifa? Salini pamoja, kisha mwulizeni padre au wazee wenye busara katika jumuiya ndogondogo.

Tatu, hesabuni gharama. Kazi ikipotea, karo italipwaje? Tena, msiende peke yenu kama mnaweza kwenda na wazazi kumi wa shule ile ile.

Nne, haki ianzie nyumbani. Mume anayetetea kijiji kizima huku mkewe akimwogopa, bado hajaanza kazi.

Mwisho, dhamiri ya mwenzako ni mahali patakatifu. Waweza kumshauri, kumsihi, hata kulia. Lakini usimlazimishe kutenda lile analoamini kuwa ni dhambi ili ninyi mpate usalama. Naye anayesimama mbele ya watu asisahau kwamba aliyebaki na watoto anashuhudia vilevile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni uonevu gani hapa kwetu ambao tumezoea kuupita kimya?
2. Mmoja wetu akitaka kuusemea, mwingine anaogopa nini hasa? Ataje bila kuchekwa.
3. Ni hatua gani moja tunayoweza kuchukua sisi wawili, mwezi huu, bila chuki kwa yeyote?