Ubongo wa Mtoto Huanza Kuumbwa Kabla Mama Hajafika Kliniki

Wengi wetu huhesabu matunzo ya mimba tangu siku mama anapohudhuria kliniki. Mfumo wa fahamu wa mtoto hausubiri siku hiyo.

Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, tabaka la seli mgongoni mwa kiinitete hujikunja na kuwa mrija. Sehemu ya juu ya mrija huo huwa ubongo, na iliyobaki huwa uti wa mgongo. Mrija hukamilika kufungwa takriban siku ya 28, wakati mama amechelewa kuona siku zake kwa wiki mbili tu. Baadaye seli za neva huongezeka na kuanza kupelekeana ujumbe kwa kemikali ziitwazo nyurotransimita, ambazo humwezesha mtoto kunyonya, kushika na kujifunza.

Mrija usipofungwa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa kutokana na maji kujaa. Usipofungwa upande wa juu, ubongo haukamiliki na mtoto hawezi kuishi. Hii si laana wala kulogwa. Sababu ni nyingi, na mojawapo inayozuilika ni upungufu wa foleti, yaani vitamini B9.

Kanuni za nchi zinaelekeza unga wa viwandani uongezewe virutubishi, ikiwemo asidi ya foliki. Mahindi tunayojisagia kwenye mashine za mtaani hukosa nyongeza hiyo. Kwa hiyo tunashauri:

1. Mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, hadi miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito.
2. Familia ile maharage, karanga na mboga za majani zisizopikwa kupita kiasi, na inunue unga wenye nembo ya virutubishi.
3. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kabla ya kushika mimba. Asiache dawa kwa uamuzi wake.
4. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12.

Akina baba nao wahusike: mimba iliyopangwa humpa mama nafasi ya kujiandaa kabla ya siku hizo 28 kupita.