Mgongo Umepona, na Kule Chini Je?

Umerudi nyumbani Magunga kutoka Kisumu au Eldoret, nyuzi zimetolewa, na ule moto uliokuwa ukishuka mguuni umezimika. Majirani wanakuja kukupa pole na kuuliza habari za mgongo. Mkojo unatokaje, na bado unahisi mumeo akikugusa? Hayo hakuna anayeyauliza. Tuyaseme hapa, dada.

1. Fahamu kwamba ni neva zile zile. Chini ya kiuno neva hutawanyika kama mkia wa farasi, na hata madaktari huziita kwa jina hilo. Zile za sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno), kuanzia ya pili hadi ya nne, ndizo zinazohudumia kibofu, njia ya haja kubwa, uke na kinembe. Kwa hiyo mkojo ukibadilika na raha nayo ikapungua, hujarogwa wala mapenzi hayajaisha. Ni neva zilizobanwa kabla ya upasuaji au kuguswa wakati wake. Neva hizo huweza kurejea polepole, kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

2. Hili halingoji kupambazuke. Ukihisi ganzi pale unapokalia baiskeli, yaani katikati ya mapaja, sehemu za siri na matakoni. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kujua. Haja kubwa ikikuponyoka. Au miguu yote miwili ikilegea: nenda hospitali usiku huo huo. Tafuta gari, usipande boda. Sema wazi kwamba umepasuliwa mgongo na huku chini kumekufa ganzi, ili upewe rufaa haraka. Muda wa kuokoa neva zilizobanwa huhesabiwa kwa saa, na kuchelewa kunaweza kukuachia mpira wa mkojo maisha yako yote.

3. Usiogope maji. Wanawake wengi hupunguza kunywa ili wasivuje, kisha mkojo unakuwa mkali na kibofu kinazidi kusumbua. Kunywa kama kawaida, halafu nenda chooni kila baada ya saa 3 au 4 hata kama hujabanwa. Ukimaliza, ngoja kidogo, inama mbele, jaribu tena. Mkojo ukichoma, ukinuka vibaya au ukiwa na damu, upimwe.

4. Choo cha shimo ni mtihani kwa mgongo mpya. Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Kula mboga, matunda na uji, maana choo kigumu hukandamiza kibofu. Na mtungi wa lita 20 ni kilo 20: waachie wengine hadi daktari akuruhusu.

5. Kuvuja si lazima iwe fistula. Huku kwetu mwanamke akinuka mkojo, watu hukimbilia jina hilo. Fistula huvuja mchana na usiku bila kukoma, na mara nyingi huanza baada ya uzazi mgumu. Ya neva huja kibofu kikijaa kupita kiasi, au ukikohoa. Tiba zake ni tofauti, kwa hiyo eleza ilivyoanza.

6. Kaza misuli ya nyonga kana kwamba unazuia ushuzi. Hesabu hadi 5, legeza, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Usifanye ukiwa unakojoa.

7. Kitandani, muulize daktari lini. Wengi hutaja wiki 2 hadi 6, na zaidi ukiwa umetiwa skrubu. Lala chali na mto chini ya magoti, au lala ubavu mume akiwa nyuma yako. Kazi ya kusogea iwe yake. Ukiwa mkavu, tumia jeli ya maji ya duka la dawa. Mafuta ya kujipaka huharibu kondomu.

8. Na golo kodhi, mila ya Waluo ya kupanda mbegu? Mvua ya Machi ikifika, mikayi, yaani mke wa kwanza, hutarajiwa kulala na mumewe kabla ya mbegu kushuka shambani. Mila hii naiheshimu, lakini kidonda hakijui msimu. Mume azungumze na wazee mapema, kabla ya majembe kutoka, mzigo usikuangukie wewe peke yako. Mume anayemtetea mkewe hapo amefanya kazi kubwa kuliko kulima.

9. Dawa nazo zina mkono. Tramadoli hufunga choo; amitriptilini huweza kupunguza hamu na kuzuia mkojo. Usizikatize ghafla, omba zibadilishwe.

Wewe muuguzi unayesoma haya, mama akija kliniki baada ya kupasuliwa mgongo, funga mlango umuulize wewe kwanza. Yeye ataona haya kuanza.