Jambo Dogo Lishikalo Moyo
Somo: 1 Wakorintho 6:12

Habari za pombe na kamari zimenenwa sana katika mafundisho yetu, nazo zajulikana toka mbali. Liko jambo jingine lililoingia nyumbani mwa watu wazima wenye kiasi, walimu na akina mama, wasiodhani hata kidogo ya kuwa wao ni watu wa michezo. Nalo ni mchezo ulio ndani ya simu ya mkononi. Mtu aufungua akingoja chai ichemke, na chai yamwagika motoni.

Nguvu ya mchezo huu si utamu mkubwa. Watazameni wachezao, nyuso zao si za furaha. Nguvu yake ni udogo wake. Tuchukue mfano wa Candy Crush Saga, uliotolewa mwaka 2012, ambao kazi yake ni kupanga peremende za rangi moja tatu tatu. Mchezaji apewa nafasi tano, ziitwazo maisha. Akishindwa, moja yaondoka, na nyingine hurudi baada ya dakika 30. Asiyetaka kungoja aweza kulipa fedha. Basi tazameni hila hii: kungoja kwenyewe kumekuwa kamba. Simu imewekwa chini, lakini moyo wahesabu dakika. Mwezi wa Desemba 2014 ilijulikana ya kuwa mbunge mmoja wa Uingereza aliucheza katika kikao cha kamati kilichoshughulikia pensheni za watu, naye akaomba radhi. Huyo hakuwa mtoto.

Wazee wetu walicheza bao, na wengine wangali wakilicheza. Walakini bao lina mwisho: kete humwishia mmoja, mwenzako huchoka, jua huchwa. Aliye ndani ya simu hachoki, wala hana mke amngojaye.

Aliyelitambua jambo hili upesi alikuwa mtengenezaji mwenyewe. Dong Nguyen, kijana wa Vietnam, alitoa mwaka 2013 mchezo uitwao Flappy Bird, wa ndege mdogo apitaye kati ya mabomba. Alikusudia watu waucheze dakika chache tu wakipumzika. Mwanzoni mwa 2014 ulikuwa umeenea duniani, na magazeti yalisema ya kuwa matangazo yake yalimletea dola 50,000 kwa siku. Ndipo barua zilipomjia: za watu waliopoteza kazi, na ya mama aliyeacha kuzungumza na watoto wake. Kwanza alidhani ni mzaha. Februari 2014 akauondoa. Yeye naye alipokuwa shuleni aliwahi kushindwa mitihani kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, hivyo aliijua njia.

Twamfikiri sana mama yule. Hakuna siku aliyoamua kuwaacha watoto wake. Kila mara aliamua dakika moja tu.

Wako wahubiri wapigao kelele ya kuwa simu ni ya Shetani. Hatuafikiani nao. Mtume Paulo katika somo letu hasemi habari ya mambo yaliyokatazwa, bali ya yale yaliyo halali; na hata hayo akataa yasiwe bwana wake. Basi tusiulize kama mchezo ni dhambi. Tuulize ni nani atawalaye saa.

Wazee wa kanisa nao wasiwe wepesi kuhukumu. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani yautaja ugonjwa wa michezo ya namna hii: mtu hawezi kujizuia, autanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, naye aendelea ajapoona hasara, na kwa kawaida hali hiyo hudumu miezi 12 au zaidi. Wachezaji walio wengi hawajafika huko. Aliyefika ahitaji tabibu pamoja na maombi, si kutengwa.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili asianze na vijana. Aanze na watu wazima. Awaulize: juma hili ni nani aliyekuita mara mbili kabla hujamjibu? Kisha kila mmoja aitaje saa ambayo simu humshika zaidi, pengine ni alfajiri kabla ya sala ya nyumbani, na saa hiyo simu ikae chumba kingine. Mwezi ujao waulizane imekuwaje.