Mafuta na Maji

Wenzetu wa Kasulu, mkoani Kigoma, huchemsha chikichi, huzitwanga, kisha huengua mawese yaliyoelea juu ya maji. Mafuta ya makonyo yetu, yanayokenekwa Wawi, Pemba, ni mazito kuliko maji, huzama.

Lakini matone madogo mno hubaki katikati, na hayo ni hasara. Wataalamu huyatibu kwa sauti itikisikayo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii. Sauti ya nguvu nyingi huyapasua na kuyachanganya na maji. Sauti nyembamba zaidi, ya nguvu ya kiasi, huyakusanya yakajitenga. Kipimo ndicho dawa.

Sisi tusio na mashine hiyo, tuyaache maji yatulie kabla ya kuyamwaga, kwani mali iko chini.